Gari inatetemeka ukifika 90 au ukikanyaga breki: tafuta chanzo kabla hujanunua spea

Wakuu, kwenye hili la gari kutetemeka watu wanaliwa hela sana. Mtu gari yake ikifika kilomita 90 kwa saa steringi inaanza kucheza, anaenda gereji anaambiwa ni bushi, anabadilisha, bado, anaambiwa shokapu, anabadilisha, bado, anaambiwa basi kapige alaimenti, anapiga, bado, na mpaka hapo keshatoa laki kadhaa wakati tatizo lilikuwa kipande cha risasi cha kusawazisha uzito wa tairi, gramu 40, kilichodondoka kwenye rimu ya mbele kushoto. Mtetemo unajieleza wenyewe ukiusikiliza. Jiulize inatetemeka wakati gani, na unausikia wapi.

Wakati gani, kuna aina tatu. Ipo inayotetemeka ukifika spidi fulani hata kama hujagusa kitu. Ipo inayotulia kabisa mpaka ukanyage breki. Na ipo inayotetemeka ukikanyaga mafuta, ukiachia tu inaisha. Hizi ni tatizo tatu tofauti na ukimwambia fundi "gari inatetemeka" bila kusema ni ipi basi umempa ruhusa ya kubahatisha kwa hela yako.

Wapi: kama steringi ndo inacheza mikononi, anza na mbele. Kama steringi imetulia ila siti na sakafu vinatetemeka, makalio ndo yanasikia, anza na nyuma. Kama pedali ya breki inarudisha mguu, yaani inapanda na kushuka chini ya soli, hapo ni diski au dramu.

Tafuta lami nzuri iliyonyooka, asubuhi mapema magari machache, panda taratibu 60, 80, 90, 100, hauhitaji zaidi ya hapo, na uangalie inaanzia ngapi na kama ukiongeza kidogo inapungua. Afu ukiwa hapo kwenye 90 inapotetemeka achia mafuta weka gia N (nyutro) kwa sekunde chache. USIZIME GARI, ukizima steringi na breki zinakuwa nzito na kuna ufunguo unaofunga steringi kabisa. Ukiweka N na mtetemo ukaendelea vilevile, chanzo ni vitu vinavyozunguka na tairi: tairi yenyewe, rimu, habu (kile kitovu cha chuma rimu inapofungwa), diski. Mtetemo ukikata hapohapo, angalia upande wa injini, mauntini (mipira inayobeba injini) na drai shafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi). Jaribio hilo halina gharama na linakuondolea nusu ya maneno ya gereji.

Kwanza kabisa, nati

Kama mtetemo umeanza leo na jana uliziba pancha au ulibadilisha tairi, usiendelee na safari hata kidogo, paki pembeni ushike spana. Nati zilizolegea zinaanza na mtetemo mdogo, baadaye zinakata stadi (zile bolti za habu zinazoshika nati), baadaye tairi linakupita barabarani. Toyota ndogo nyingi nati zinakazwa kwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana ya kawaida ya kwenye buti ni mtu mzima kusukuma kwa nguvu ya mkono, siyo kuirukia kwa miguu. Unakaza kwa kupishanisha, nati hii afu ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa kwenye habu. Ukikaza moja mpaka mwisho afu ukahamia ya jirani yake, rimu inaweza kukaa upande na itatetemeka ingawa nati zote zimekaza.

Kuna kitu hapa wengi hawakijui. Rimu nyingi za aloi zilizokuja na Toyota zenyewe zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za chuma zinatumia nati yenye mdomo wa koni. Watu wananunua rimu mtumba wanafungia nati zilezile za zamani, koni inaingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa washa bapa, inagusa kwa ukingo mdogo tu, na hapo rimu haijakaa katikati na nati italegea yenyewe. Chomoa nati moja uangalie mdomo wake, na uangalie tundu la rimu. Dakika mbili.

Inatetemeka kwenye spidi tu, breki hujagusa

Ikianza kwenye 80 au 90, ikawa mbaya karibu na 100 na pengine ikapungua ukivuka 115 hivi, asilimia kubwa ni balansi, yaani uzito wa tairi na rimu hauko sawa mzunguko mzima. Nikupe hesabu uone kwa nini mjini husikii kitu. Tairi ya 185/65R15, ambayo IST nyingi zinavaa, mzunguko wake ni kama mita 1.95. Kwenye 100 inazunguka mara 14 kila sekunde. Uzito wa gramu 20 uliozidi upande mmoja wa rimu unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 3, na gramu 60 unavuta karibu kilo 9, mara 14 kwa sekunde, juu chini mbele nyuma. Ukiwa 50 nguvu hiyo inashuka mpaka robo. Ndo maana gari ya foleni za Dar, Kariakoo na Mbagala, inaishi na balansi mbovu mwaka mzima, siku ya kwenda Moshi ndo inajisema.

Balansi inapotea vipi? Virisasi kudondoka, angalia ndani ya rimu utaona alama ya mstatili safi ambapo kilikuwa kimebandikwa. Fundi pancha kutoa tairi na kulirudisha bila kufuata alama, kwa sababu balansi ilipimwa tairi na rimu zikiwa zimekaa kwa mpangilio fulani. Kuwekewa tyubu ndani ya tairi tubulesi, hii nayo ipo sana. Ile dawa ya maji ya kuziba pancha, ikilala chini usiku kucha asubuhi gari inatetemeka kilomita za kwanza. Na masika, tope. Umetoka kijijini kwa mvua, tope limejaa ndani ya rimu likakauka upande mmoja, ukiingia lami gari inapiga kelele kama ina tatizo kubwa kumbe ni udongo, chukua maji na kijiti safisha ndani ya rimu zote nne kabla hujampigia fundi.

Ukienda kupiga balansi simama pale uangalie. Rimu isafishwe kwanza, virisasi vya zamani vitolewe vyote, na baada ya kubandika vipya mashine izungushwe TENA ioneshe sifuri pande zote mbili. Wengi hawazungushi tena. Afu angalia tairi ikizunguka: kama linaruka juu chini au linapepea kushoto kulia, virisasi havitaponya. Mimi mashine ikidai zaidi ya gramu 100 kwa gari ndogo nashtuka, hapo mwambie alegeze tairi kwenye rimu aligeuze nusu duara, apime upya. Bado? Basi tairi au rimu ni mbovu.

Na hapa niseme la alaimenti maana linanikera. Alaimenti ni kupanga pembe za tairi. Ikiharibika gari inavuta upande, steringi inakaa pembeni ukiwa umenyoosha, na tairi linalika upande mmoja. HAISABABISHI mtetemo wa 90. Inachoweza kufanya ni kulila tairi mpaka liwe na ngazi ngazi, na tairi la hivyo ndo linatetemeka na kunguruma, na kwa wakati huo ukipiga alaimenti leo tairi bado lina ngazi zake. Kwa hiyo mtu akikwambia gari inatetemeka kapige alaimenti, muulize anamaanisha balansi? Wengine wanachanganya majina tu, mashine zote zipo banda moja.

Balansi ikiwa safi na bado, nenda kwenye tairi lenyewe. Nyanyua kwa jeki, zungusha kwa mkono polepole huku ukiangalia sehemu moja ya kukanyagia. Pitisha kiganja pia, ila taratibu maana waya zikiwa zimetoka zinachana. Unatafuta nundu, uvimbe wa pembeni, au kashata (vile vipande vya mpira vya kukanyagia) zilizopinda njia. Tairi lililoachana nyuzi kwa ndani lina dalili yake ya peke yake: kwa spidi ndogo kabisa, 20 mpaka 40, steringi inayumba kushoto kulia taratibu, gari inachechemea, na ukiongeza spidi inageuka mtetemo mkali. Hilo halisafiri. Wala usilihamishie nyuma "limalizie", litapasuka huko huko nyuma.

Soma tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mtumba za bei poa kashata nene inayong'aa, geuza usome hapo kwanza, kashata nene kwenye tairi la zamani maana yake lilikaa tu likizeeka. Gari iliyokaa yadi au bandarini muda mrefu nayo tairi hulala, inatetemeka mwanzoni, ukitembea kilomita 20 hivi tairi likapata joto inaisha. Hiyo isikusumbue, ila isipoisha tairi limekufa umbo.

Rimu iliyopinda inatoka kwenye mashimo, na mara nyingi imepinda mdomo wa ndani usiouona ukisimama nje. Hapohapo kwenye jeki weka kijiti karibu na mdomo wa rimu, zungusha, uone nafasi inabadilika au la. Rimu za spoti zina shida nyingine. Toyota ndogo kama IST na Vitz tundu la kati la rimu ni milimita 54.1, Harrier na RAV4 ni 60.1, na rimu nyingi za dukani zimetobolewa kubwa, 73.1 hivi, ziingie magari mengi. Sasa ile nafasi iliyobaki inatakiwa pete ya plastiki au aluminiamu ya kujaza katikati. Dukani hawakupi. Jamaa yangu mmoja ana IST yenye rimu za aina hiyo, balansi kwenye mashine inaonesha sifuri, ukifunga kwenye gari inatetemeka, unarudi kwenye mashine sifuri tena. Tulipovua tundu lilikuwa limekaa upande mmoja wa habu, upande wa pili kidole kinapita. Pete nne zikamaliza.

Imetulia, mpaka ukanyage breki

Hii ndo yenye uongo mwingi. Utaambiwa "diski zimepinda". Mara nyingi hazijapinda, zimetofautiana unene. Sehemu moja ya mzunguko ni nene kidogo, nyingine nyembamba kidogo, na tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha mguu kuisikia. Pedi zikibana, kila diski ikileta sehemu nene pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi) inasukumwa nyuma, mafuta ya breki yanarudisha pedali, na steringi inatikisika.

Tofauti hiyo inatokeaje ndo muhimu, maana usipojua utanunua diski mpya na baada ya miezi michache imerudi.

Sababu ya kwanza ni kutu na uchafu kati ya diski na habu. Fundi anavua diski ya zamani, anachukua mpya, anaipachika juu ya habu yenye kutu. Kipele kidogo cha kutu karibu na stadi kinaifanya diski iyumbe ukingoni. Vitabu vya Toyota nyingi vinaweka kikomo cha kuyumba milimita 0.05. Ikizidi hapo gari haitetemeki siku ya kwanza, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Wewe unaondoka gereji umefurahi, kumbe kila mzunguko sehemu moja inaparuza pedi hata hujakanyaga breki, inalika, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene umetofautiana. Unarudi unaambiwa diski zilikuwa feki. Habu inapigwa brashi ya waya na msasa mpaka inang'aa chuma, kuzunguka kila stadi, ndo diski inapachikwa. Ukimuona fundi anaruka hatua hiyo mwambie tu kwa upole, "fundi, naomba tusugue hapo kwanza." Daili geji (saa ya kupima diski inayumba kiasi gani) akiwa nayo ni bahati, akiwa hana basi usafi huo unatosha kwa kiasi kikubwa. Ile mashine ya upepo ya kukazia nati nayo ikikaza nati moja kupita kiasi na nyingine kidogo inavuta diski upande.

Sababu ya pili ni joto. Anayetoka Iringa kushuka mlima Kitonga kwenye D mguu ukiwa juu ya breki mpaka chini, akifika anasikia harufu, anasimama, na mguu bado umekandamiza pedali. Diski inachoma, pedi imeng'ang'ania sehemu moja, inaacha utando wake pale. Kesho akikanyaga breki kwenye 80 steringi inacheza. Kwenye mteremko weka gia ndogo, 2 au L kwa otomatiki, injini ishike gari, kanyaga breki ya nguvu kidogo afu achia zipoe, kuliko kuishikilia kidogo kidogo muda wote. Ukifika usiipeleke kuoshwa rimu zikiwa zinachoma.

Ya tatu, kalipa iliyogoma. Pini zake zimekauka grisi au pistoni ina kutu, pedi haiachii. Dalili yake inakua na safari: unatoka nyumbani iko fresh, baada ya kilomita 30 gari inaanza kuwa nzito, inavuta upande, na mtetemo unakuja hata bila breki. Simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu BILA KUGUSA. Moja itakuwa inatoa joto kuliko wenzake. Hapo ukibadilisha diski bila kushughulikia kalipa umetupa hela. Pini zinatolewa, zinasafishwa, zinapakwa grisi ya breki inayovumilia joto, siyo grisi ya beringi ya kopo.

Mbele au nyuma? Steringi ikicheza ni mbele. Kama ni pedali na siti tu, shuku nyuma. Kwa gari yenye hendibreki ya kuvuta kwa mkono unaweza kuhakikisha: mahali pasipo na gari wala mtu, kwenye 40 au 50, barabara kavu iliyonyooka, shikilia kitufe umekibonyeza muda wote na uvute hendibreki kidogo kidogo sana. Inabana nyuma tu. Ikitetemeka ni breki za nyuma, mara nyingi dramu zimepoteza uduara. Isipotetemeka rudi mbele. Tahadhari, zile gari ambazo diski ya nyuma ina kadramu kadogo ndani kwa ajili ya hendibreki, jaribio hili halikuambii chochote kuhusu diski yenyewe. Za kitufe cha umeme usijaribu kabisa.

Kuchonga diski inawezekana, ila kuna namba imegongwa kwenye diski, MIN TH na milimita zake, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Pima kwa venia kwanza. Ikichongwa ikashuka chini ya hapo inapata joto haraka zaidi na tatizo linarudi likiwa kubwa. Pedi mpya zikifungwa, zizoeshe: toka 60 shuka mpaka 20 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi ukiacha nafasi zipoe.

ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukifunga breki ghafla, usiichanganye na haya. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye kokoto au lami yenye maji pedali ikatetemeka haraka na mlio wa krrr, ndo kazi yake. Ikifanya hivyo kila unapokaribia kusimama taratibu kwenye lami kavu, angalia sensa za tairi, zinajaa uchafu wa chuma.

Ukikanyaga mafuta

Gari ya kuvuta mbele ikitikisika kushoto kulia ukiwa unapandisha spidi kwenye 60 mpaka 90, hasa mlimani au umejaza watu, na ukiachia mafuta inatulia, ni jointi ya ndani ya drai shafti. Ya nje inajulikana kwa kugonga ka ka ka ukikata kona. Lala chini uangalie mpira, ukiona grisi imeruka kila mahali umepata jibu. Hiace, Prado na Noah za 4WD zina propela (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma), nayo inazunguka mara tatu nne zaidi ya tairi kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, mlio wa kunguruma kwenye sakafu. Krosi (viungo vya propela) na senta beringi inayoishika katikati ndo za kuangalia, na kama fundi aliwahi kuifungua bila kuweka alama, inawezekana ameirudisha upande tofauti.

Boljointi, tairodi na bushi, yaani viungo vya steringi na sospensheni, zikiwa mbovu mara nyingi hazizalishi mtetemo, zinauachia upite. Tairi lenye kasoro ya gramu 15 kwenye gari iliyokaza husikii, kwenye gari iliyolegea steringi inakupiga mikono. Gari ikiwa kwenye jeki shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ni boljointi au beringi ya habu. Shika kushoto na kulia, ikicheza ni tairodi. Beringi ina wimbo wake, mngurumo unaobadilika ukiyumbisha gari kidogo kulia au kushoto. Land Cruiser za ekseli nzima mbele, 80 na 70, ukigonga shimo kwenye 70 steringi ikapagawa mpaka usimame, angalia beringi za nako (kiungo kinachogeuza tairi la mbele) na tairodi kwanza. Kubadilisha dampa ya steringi peke yake kunaficha ugonjwa kwa wiki chache tu.

Ukifanya yote na bado haieleweki, tafuta mtu mwenye gari kama yako ambayo haitetemeki, muombe tairi zake nne na rimu zake na nati zake kwa saa moja, funga, nenda pale pale unapotetemekaga. Ikitulia, shida iko kwenye zile tairi ulizomwachia. Ikiendelea, mrudishie vitu vyake na chai, afu vua diski mbele na uangalie habu.